Jumanne, Saa Moja Asubuhi

Kule Gävle, katika jengo letu la matofali ya manjano,
watu hawagombani. Wanaandikiana.
Chumba cha kufulia kiko chini kabisa, ardhini,
mashine mbili kwa kaya kumi na nane,
na ubao ukutani wenye vitundu vya siku na saa:
unachomeka kifuli chako chenye namba ya nyumba
na saa hizo ni zako, kama shamba lenye hati.

Miaka thelathini na mmoja
Jumanne saa moja ilikuwa yetu, Ragnhild na mimi.
Sasa ni yangu.

Nami ni mwandishi, msinione hivi.
Sijachapisha kitu, ila ukuta ule umezisoma kazi zangu:
"Aliyeacha vumbi la nyuzi kwenye chujio,
chujio halina mtumishi."
"Saa tatu kamili si saa tatu na dakika nne."
"Soksi hii ya kijani iko hapa tangu Pasaka.
Haina mwenyewe?"
Sikutia jina. Mwandiko wangu wa fundi wa reli,
herufi wima kama nguzo,
nilidhani haujulikani.

Kisha Novemba, theluji ya kwanza,
nikakuta karatasi juu ya mashine namba mbili,
imekunjwa mara moja, haikubandikwa:
"Kwa bwana wa Jumanne.
Sisi hufua baada yako. Lavenda yako
hubaki ndani ya mashine, na mwanangu Vidar
akilalia shuka, kifua chake hulia mpaka alfajiri.
Samahani kukusumbua. Annelie, ghorofa ya tatu."

Samahani.
Katika karatasi zangu zote sikuwahi kulitumia neno hilo.

Kwanza nilikasirika, nisiseme uongo.
Mkuki niliouzoea mpinini, leo nimeupata nchani.
Nikapanda na kapu langu nikihesabu haki zangu,
kila ngazi haki moja,
na ngazi ni arobaini na nne.
Nani husafisha chujio? Nani hupiga deki?
Mlangoni nikasimama kutafuta ufunguo
na mikono yangu yote miwili ilinukia Ragnhild.

Maana lavenda ile haikuwa yangu.
Yeye ndiye aliyemimina, kifuniko kimoja na nusu,
hiyo nusu akisema ni ya bahati.
Alipokwenda niliendelea kumimina
kama mtu anayezidi kuandaa vikombe viwili.
Shuka lisilo na harufu ile ni shuka la hoteli,
limelaliwa na yeyote, halimkumbuki mtu.

Lakini kifua cha mtoto hakijui Ragnhild ni nani.

Sikujibu kwa karatasi.
Jumanne iliyofuata nilinunua sabuni isiyonukia kitu,
chupa nyeupe kama wodi,
nikaiendesha mashine tupu, kwa maji ya moto kabisa,
nikakaa juu ya kapu nikiyatazama maji
yakizunguka bila nguo, bila mtu,
mpaka zamu yangu ikaisha.

Nisifiwe? Ngoja.
Februari kuna Jumanne moja nilidanganya.
Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Nusu kifuniko tu, ile ya bahati.
Usiku nikalala macho wazi, nasikiliza mabomba,
lifti, kikohozi,
au pengine ilikuwa theluji ikiporomoka paani.
Sijui hadi leo. Sikuuliza.

Siku hizi foronya moja naifua kwa mkono
kwenye sinki la bafuni,
naianika humo humo, mlango nimeufunga,
tambara nimelaza kizingitini.
Chupa imebakiza vidole vitatu.

Na juzi ubaoni palikuwa na karatasi mpya,
mwandiko wa mtoto, herufi zinapepesuka:
"Soksi ya kijani ni yangu."
Nilikuwa nayo ndani, nimeihifadhi kama kidhibiti.
Nimemwachia juu ya mashine namba mbili.
Nimeifua kwanza.
Haina harufu yoyote.